Johann Sebastian Bach, Mpiga Kinanda wa Kanisa

Katika nchi ya Ujerumani, upande wa Thuringia, palikuwa zamani na ukoo uitwao Bach. Kazi ya ukoo huo ilikuwa muziki, kama vile kazi ya koo nyingine ilivyo uhunzi au uvuvi, nayo ilitoka kwa babu ikaenda kwa mwana na kwa mjukuu. Wakawa wengi mno, hata katika mji wa Erfurt watu walizoea kuwaita wapiga muziki wote wa mji kwa jina la Bach, wajapokuwa si wa ukoo huo. Katika ukoo huo alizaliwa Johann Sebastian, mjini Eisenach, tarehe 21 Machi mwaka 1685. Alikuwa mtoto wa mwisho katika watoto wanane.

Mama yake alikufa mwaka 1694, na baba yake akafuata mwezi wa Februari mwaka 1695, kabla mtoto hajatimiza miaka kumi. Basi kaka yake mkubwa, Johann Christoph, akamchukua kwake Ohrdruf, alikokuwa mpiga kinanda wa kanisa, akaanza kumfundisha.

Kaka huyo alikuwa na kitabu chenye muziki wa mabingwa wa siku zile. Mtoto alikiomba mara nyingi, akanyimwa. Kitabu kilifungiwa katika kabati, lakini mlango wa kabati ulikuwa wa kimia, na mikono yake midogo iliweza kupenya. Tena kitabu hakikuwa na jalada gumu, ila la karatasi tu. Usiku, watu wote walipokuwa wamelala, alipenyeza mkono, akakikunja kitabu mviringo, akakivuta nje, akanakili. Taa hakuwa nayo. Alingoja mbalamwezi, akaandika karibu na dirisha, na usiku usio na mwezi hakuandika. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Alipokwisha, akaanza kwa siri kujifunza yale aliyoyaandika. Kaka yake akagundua, akamnyang'anya nakala yote.

Watu wengi humlaumu kaka yake, na kweli alikuwa mkali. Walakini siku zile kitabu cha muziki kilikuwa mali, maana karibu vyote viliandikwa kwa mkono, na aliyekuwa nacho hakupenda kila mtu akipate. Tena karatasi zilichukuliwa, lakini si yale yaliyokwisha kuingia kichwani mwa mtoto katika miezi sita ya kuandika noti moja moja.

Alipopata miaka kumi na mitano akaenda mbali kaskazini, mji wa Lüneburg, kwa sababu shule ya huko iliwapa chakula na mafunzo bure wavulana maskini wenye sauti nzuri. Akaimba katika kwaya mpaka sauti yake ikavunjika, ndipo akasaidia kwa kupiga vinanda. Kutoka Lüneburg alikuwa akienda Hamburg kumsikia mzee Reincken, bingwa wa kinanda. Husimuliwa kwamba siku moja, akirudi kutoka huko bila fedha, aliketi karibu na nyumba ya wageni akinusa harufu ya chakula asichoweza kukinunua. Mara dirisha likafunguliwa, vichwa viwili vya samaki vikatupwa nje. Akaviokota ale, akakuta ndani ya kila kichwa sarafu moja ya dhahabu ya Denmark. Hakujua kamwe ni nani aliyemhurumia. Akala akashiba, na kwa fedha iliyobaki akafunga safari nyingine ya kwenda kumsikia Reincken!

Sasa haifai kuendelea kabla ya kueleza kinanda chenyewe, maana si kama vile vidogo vinavyoonekana katika makanisa mengi. Kinanda kikubwa cha Ulaya ni kama nyumba ndani ya kanisa. Kina filimbi mamia, na vingine vina maelfu. Nyingine hazizidi kidole, nyingine ni ndefu kupita mti wa mnazi mchanga. Upepo hutoka katika mivukuto, na zamani hizo mivukuto ilikanyagwa na watu nyuma ya kinanda, kwa hiyo mpigaji hakuweza hata kufanya mazoezi peke yake bila kupata mkanyagaji. Mbele ya mpigaji pana safu mbili au tatu za vibao kwa mikono, na chini pana vibao virefu vya miguu. Kila upande pana vishikio. Akivuta hiki, filimbi za namna moja hulia. Akivuta kile, za namna nyingine. Basi mikono miwili na miguu miwili yote ina kazi yake, na macho yako kwenye karatasi, na masikio yanawafuata waimbaji.

Mwaka 1703, akiwa na miaka kumi na minane, Bach alipewa kazi ya kupiga kinanda kipya katika kanisa la Arnstadt. Miaka miwili baadaye akaomba ruhusa ya majuma manne aende Lübeck kumsikia Dietrich Buxtehude, aliyekuwa mkuu wa wapiga vinanda wa kaskazini. Akaenda kwa miguu. Mwendo huo ni kilometa 400 hivi, nao ulikuwa mwanzo wa baridi. Alipofika akasahau habari ya majuma manne; akakaa karibu miezi minne.

Aliporudi, mapema mwaka 1706, wazee wa kanisa wakamwita wamhoji. Aliambiwa ametoka kwa siku nyingi kuliko alizopewa. Tena kulikuwa na shitaka jingine lililo kubwa zaidi: tangu aliporudi alikuwa akitia sauti za ajabu ndani ya nyimbo za ibada, hata watu wakapotea njia katika kuimba. Na tena, hapo kwanza alikuwa akipiga kwa muda mrefu mno kabla ya wimbo. Alipoonywa, akaanza kupiga kifupi mno, kama mtu aliyekasirika.

Katika shauri hilo wazee hawakuwa na kosa kubwa. Mpiga kinanda wa kanisa hapigi ili watu wamsikie yeye; hupiga ili watu waimbe. Kijana yule alikuwa amerudi na utajiri mwingi, akataka kuumwaga wote siku moja. Ilimchukua miaka kuona jinsi ya kuupa wimbo wa kawaida sauti mpya bila kumpoteza bibi kizee aliyeketi kiti cha nyuma. Alijifunza, kwa maana baadaye, alipokuwa Weimar, alianza kuandika kitabu kidogo cha kuwaonyesha vijana wanaoanza kinanda jinsi ya kuutengeneza wimbo wa kanisa na jinsi ya kutumia miguu. Alipanga nafasi za nyimbo 164, akamaliza 46 tu. Kurasa nyingi zilibaki tupu mpaka kufa kwake.

Alitoka Arnstadt akaenda Mühlhausen mwaka 1707, akaoa mwaka huohuo binti wa jamaa yake, Maria Barbara. Huko Mühlhausen alipeleka kwa wazee maandiko marefu ya jinsi ya kukitengeneza kinanda chao kilichochoka: mivukuto iongezewe nguvu, filimbi kubwa za sauti ya chini zitiwe, hata kengele ndogo za kupigwa kwa miguu. Maana Bach hakuwa adui wa mitambo. Aliijua ndani na nje. Miji mingi ilimwita kupima vinanda vipya, naye kwanza kabisa alivuta vishikio vyote na kupiga kwa nguvu zote, akisema kwa mzaha kwamba lazima ajue kama kinanda kina mapafu mazuri. Mafundi wengi waligeuka rangi wakisikia. Nyumbani kinanda chake cha nyuzi hakuna aliyeruhusiwa kukilinganisha sauti ila yeye mwenyewe, wala haikumchukua zaidi ya robo saa.

Kutoka mwaka 1708 mpaka 1717 alikuwa katika jumba la watawala wa Weimar. Sifa yake ikaenea. Mwaka 1717 alikuwa Dresden, na Louis Marchand, bingwa wa Kifaransa, alikuwa huko pia. Wakubwa wakataka wawili hao washindane. Siku ikawekwa, watu wakakusanyika katika nyumba ya mkubwa mmoja, Bach akafika. Wakangoja. Mwisho wakapeleka mtu kuuliza, wakapata habari kwamba Marchand ameondoka mjini alfajiri kwa gari la haraka. Basi Bach akapiga peke yake.

Mwaka huohuo akahamia kwa mtawala wa Köthen, lakini mtawala wa Weimar hakutaka kumwacha, akamtia kifungoni karibu mwezi mzima kabla ya kumruhusu. Huko Köthen alipata raha, kisha msiba. Mwaka 1720 alisafiri na bwana wake, na aliporudi akaambiwa mlangoni kwamba Maria Barbara amekufa na kuzikwa. Mwaka uliofuata alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji, ambaye alinakili sehemu kubwa ya kazi za mumewe kwa mkono wake. Watoto wa Bach kwa wake hao wawili walikuwa ishirini. Waliofikia utu uzima ni kumi.

Mwaka 1723 akaenda Leipzig, akakaa huko miaka 27 mpaka kufa. Alikuwa mwalimu wa muziki wa shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki katika makanisa makubwa ya mji. Kila Jumapili ilitaka muziki, na katika miaka ya kwanza aliandika mpya karibu kila juma. Kinanda chenyewe hakukipiga yeye siku hizo za ibada. Palikuwa na mpigaji mwingine. Hapo ndipo penye jambo ambalo wapiga vinanda wa leo wanapaswa kulijua.

Vinanda vya Leipzig vililia juu kuliko vyombo vingine, kwa sauti moja nzima. Mpiga zeze akipiga Do yake na mpiga kinanda akipiga Do yake, wasingepatana. Leo vinanda vya umeme vina kifungo: mpigaji akibonyeza, kinanda chote kinapanda au kinashuka, na vidole vinabaki palepale. Siku zile kifungo hakikuwako. Ilibidi karatasi ya mpiga kinanda iandikwe upya, kila noti sauti moja chini kuliko karatasi za wenzake. Wanafunzi na jamaa za Bach walikaa mezani usiku wakiandika, na Bach akipita kusahihisha.

Tena karatasi hiyo haikuwa na noti zote. Ilikuwa na mstari mmoja tu, sauti ya chini, na juu yake tarakimu: hapa 6, hapa 7, hapa 4 na 3. Mkono wa kushoto ulipiga mstari ule, na mkono wa kuume ulipaswa kusoma tarakimu na kuzigeuza papo hapo kuwa sauti tatu au nne zinazopatana, bila kugongana na waimbaji. Kazi hiyo pia leo ina kifungo chake. Mpigaji akigusa kibao kimoja, mashine humjazia sauti zilizobaki, na ngoma juu yake. Mtu wa Leipzig hakuwa na cha kumjazia ila kichwa chake.

Asidhani msomaji kwamba njia za mkato zimeanza na umeme. Katika ngome ya Salzburg palikuwa na kinanda kilichopiga chenyewe tangu mwaka 1502, karibu miaka mia mbili kabla ya Bach kuzaliwa. Baadaye, hasa katika karne ya 19, makanisa mengi ya vijijini Uingereza yalinunua vinanda vyenye pipa la mti lililopigiliwa misumari midogo. Mtu yeyote, hata asiyejua noti moja, alizungusha mkono wa chuma, misumari ikafungua filimbi, na wimbo ukatoka bila kosa. Kanisa lisilo na mpigaji lilipata msaada, wala si vizuri kulicheka. Lakini pipa moja lilibeba nyimbo kumi hivi, na watu wakaimba hizo tu. Wimbo ukiwa juu mno kwa sauti zao za asubuhi, pipa halikushuka. Mwimbaji akisimama kwa machozi siku ya mazishi, pipa halikujua kumngoja. Wala hakuna mtoto aliyesimama kando ya mzungushaji akajifunza kitu zaidi ya kuzungusha.

Bach alikuwa na neno la dhihaka kwa watu walioacha vidole vitembee penyewe juu ya vibao na kuita matokeo yake muziki. Aliwaita mashujaa wa farasi wa kinanda. Alitaka mwanafunzi asikie kwanza kichwani, ndipo mikono ifuate. Basi wanafunzi wake, waliotoka mbali kumfuata, hawakupewa nyimbo siku ya kwanza. Walipewa mazoezi ya vidole tu, vidole vyote vya mikono miwili, kwa miezi mingi, ili kila kidole kiwe na nguvu na usafi sawasawa. Hata kidole gumba, ambacho wapigaji wa kale walikiacha kining'inie bila kazi, yeye alikitia kazini kama vingine. Alipoona mwanafunzi anakata tamaa, aliketi akamwandikia kipande kifupi kitamu ambacho ndani yake mazoezi yaleyale yamefichwa. Vipande vingi vya namna hiyo vingali vinafundishwa leo, na watoto wengi wavipigao hawajui kwamba ni dawa iliyotiwa asali. Na alipoulizwa jinsi alivyoupata ustadi wake, alijibu kwamba ilimbidi kufanya bidii, na kwamba atakayefanya bidii kama yake atafika alipofika yeye. Katika sehemu ya pili ya jibu hilo labda hakusema kweli, ila kwa upole.

Mwaka 1747 alikwenda Potsdam kwa Mfalme Friedrich wa Prussia, ambaye Emanuel, mwana wa Bach, alikuwa mpiga kinanda wake. Mfalme alikuwa na vinanda vipya vya namna ya piano, kazi ya fundi Silbermann. Bach aliwahi kumwambia fundi huyo hapo nyuma kwamba vibao vyake ni vizito na sauti za juu ni dhaifu. Fundi aliudhika, lakini akarudi kazini miaka mingi, na mwisho Bach akamsifu. Mfalme akapiga wimbo mfupi mgumu, akamtaka Bach autengeneze palepale, sauti zikifuatana moja baada ya nyingine. Akautengeneza kwa sauti tatu, bila karatasi.

Macho yake yalikuwa yamekwisha kuharibika. Mwaka 1750 daktari msafiri kutoka Uingereza, John Taylor, alimpasua macho mara mbili, naye akawa kipofu, na dawa zikamharibu mwili. Alikufa tarehe 28 Julai mwaka huo, umri wake miaka 65. Alizikwa bila jiwe la kaburi. Anna Magdalena akaishi miaka kumi zaidi katika umaskini, akila sadaka ya mji. Kazi nyingi za mumewe ziligawanywa kwa wana, na zile zilizomwangukia mwana wa kwanza, Friedemann, nyingi ziliuzwa na kupotea.

Baadhi ya nyimbo za kanisa alizozipanga sauti zake zilifika Afrika ya Mashariki pamoja na wamisionari wa Kijerumani, nazo zingali zinaimbwa kwa Kiswahili katika makanisa ya Kilutheri ya Tanzania. Nyimbo zenyewe kwa sehemu kubwa ni za watu waliomtangulia. Kazi yake ilikuwa kuzivika sauti nne.

Katika wanafunzi wake wa mwisho alikuwako kijana aitwaye Johann Christian Kittel. Huyu alisimulia kwamba, kwaya ilipoimba, mwanafunzi mmoja alipaswa kuketi kwenye kinanda na kugeuza zile tarakimu kuwa sauti. Mwalimu alisimama nyuma yake. Mwanafunzi akipiga sauti chache na kavu, mara aliona mikono mingine ikipita katikati ya mikono yake, vidole vya mzee vikiingia baina ya vidole vyake bila kuvizuia, na kinanda kikajaa sauti ambazo yeye hakuziwaza.

Kittel akawa mpiga kinanda Erfurt, mji ule wa Wabach, akafundisha wengi, akaishi mpaka mwaka 1809. Juu ya kinanda chake palitundikwa picha ya Bach, mbele yake pazia. Mwanafunzi akifanya kazi yake vizuri, mzee Kittel alilivuta pazia, naye akamwona Bach. Asipofanya, pazia lilibaki limefungwa.